Dawa za mama za kila mwezi kwa GP (daktari wa familia): mnazipangaje zisikatike?

MtotoWaPangani (Leicester)

Assalaam aleikum, na habari za jioni wanajamvi. Nina jambo dogo linanitoa jasho, na najua humu wamo waliolipitia.

Naishi Leicester na mama yangu, ana miaka 71. Anakunywa dawa nne: amlodipine na losartan za presha, metformin ya sukari asubuhi na jioni, na atorvastatin ya mafuta kwenye damu anapokwenda kulala. Mimi nina kidonge kimoja, levothyroxine, cha tezi ya shingo. Jumla dawa tano ndani ya nyumba, na nawaapia hakuna mbili zinazokwisha siku moja. Metformin wanatoa ya siku 56. Amlodipine siku 28. Losartan daktari aliipandisha kutoka 50 hadi 100 mwezi wa pili, basi ikaanza hesabu yake yenyewe. Mwezi huu nimekwenda famasia mara tatu, na mara zote natoka zamu ya usiku (nahudumia wazee kwenye makao yao), nimesimama foleni macho yananiwasha kama nimekata vitunguu.

Ninavyoagiza: ile karatasi ya kijani inayokuja ndani ya mfuko wa dawa, upande wa kulia kuna orodha na viboksi. Natia vema, naitumbukiza kwenye sanduku la mlangoni kwa GP. Kwa simu hawapokei. Wanataka siku tatu za kazi, halafu famasia nayo inataka siku yake moja au mbili. Mama hunisimamia wakati natia vema, na lazima nitie zote nne hata kama kuna dawa kabatini. "Tia zote, wasije wakazifuta." Sibishani naye.

Sasa sikilizeni ya Pasaka. Karatasi niliipeleka Jumanne. Mimi hesabu yangu ni Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kwisha. Nimesahau kabisa kwamba Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hazimo kwenye siku za kazi. Jumamosi nafika famasia, mfamasia anatazama kompyuta yake, hakuna kitu. GP amefunga mpaka Jumanne. Kidonge cha mwisho cha amlodipine mama alikinywa Ijumaa asubuhi. Jumatatu jioni nampima kwa mashine ya nyumbani: 178 kwa 96. Amekaa kwenye kochi amejifunga kanga kichwani, ananiambia kichwa kinatwanga kama kinu.

Jumanne saa mbili kamili napiga simu, mimi ni wa 14 kwenye foleni. Dada wa mapokezi akaniambia amlodipine imekataliwa kwa sababu mama alitakiwa dawa zake zipitiwe upya tangu Februari.

"Mbona hamkuniambia?"

"Imeandikwa kwenye karatasi."

Nikaigeuza ile karatasi. Kweli imeandikwa, chini kabisa, herufi za ukubwa wa sisimizi. Nikaomba, nikaomba tena, wakatoa ya mwezi mmoja kwa sharti mama aje kupimwa damu. Siku tatu kavu bila dawa, ya nne akaipata magharibi.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Mnafanyaje dawa zote zikutane tarehe moja? App ya NHS, hii huduma ya afya ya serikali, inasaidia kweli, ikiwa mama mwenyewe simu yake ni ya kupigia tu? Na zikikatika sikukuu, mtu anakimbilia wapi? Mama halipi, umri umemtoa. Mimi nalipa pauni 9.90 kila nikichukua changu.

---

Baba Zuhura (Reading)

Waaleikum salaam dada. Pole, na mpe pole bi mkubwa.

Hilo la tarehe nililimaliza mwaka juzi baada ya kuteseka miaka. Usiongee na mapokezi, wao hawana mamlaka nalo. Uliza kama kliniki yenu ina mfamasia wake, yaani yule anayekaa humo humo kwa GP, siye wa dukani. Kliniki nyingi siku hizi wanaye. Mwambie maneno haya: nataka dawa zote zikutane siku moja. Atatoa vidonge vichache vya ile inayotangulia kwisha, siku 9 au 13 tu, ili imngojee mwenzake. Mimi zangu tatu zilikutana mwezi mmoja, na tangu hapo safari moja tu.

Kuhesabu siku nina njia ya kizamani. Kalenda kwenye friji, kalamu nyekundu. Dawa ya siku 28, siku ya 21 natia duara. Siku hiyo naagiza, mvua jua. Ukiagiza siku ya 10 wanakukatalia mapema mno, ukiagiza siku ya 26 umechelewa. Na ukiona Pasaka au Krismasi inakuja, vuta nyuma siku nyingine tano.

App inasaidia. Unaona tarehe ya kupitiwa dawa bila miwani ya sisimizi, na agizo likikataliwa unalijua kwenye App, husubiri usimame kaunta. Kwa mama, nenda kwa GP mkachukue fomu ya mtu wa kumsimamia, mnaitia sahihi wote wawili, mnakwenda na vitambulisho. Wakishaidhinisha, unaingia kwa akaunti yako kisha unahamia kwake. Ila jiandae, kujisajili wanataka picha ya kitambulisho halafu uso wako mbele ya kamera. Mke wangu alirudia mara sita, ya sita ameshakasirika ndipo wakamkubali.

Kuhusu malipo: mimi nina presha tu, na presha peke yake haikusamehi kulipa hapa England. Dawa tatu kila mwezi kwa 9.90 ni pauni 356.40 kwa mwaka. Nikanunua kile cheti cha kulipia kabla, pauni 114.50 mwaka mzima, dawa zozote. Nilikaa miaka minne sikijui. Nikiikumbuka ile pesa sili.

---

Dada wa Kaunta (Birmingham)

Hamjambo. Mimi nipo nyuma ya kaunta ya famasia mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo nitasema kwa urefu, mnisamehe.

Dada Leicester, la kwanza kabisa, kabla ya mama: ACHA KULIPA HIYO LEVOTHYROXINE. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, inayohitaji dawa kila siku, imo kwenye orodha ya maradhi yanayosamehewa. Kisukari cha dawa kimo, kifafa kimo, presha haimo kama alivyosema kaka. Mwombe GP fomu inaitwa FP92A, jaza, wao wanasaini na kuipeleka. Unaletewa cheti cha miaka mitano, na kinakusamehe dawa zote, si hiyo moja tu. Hata ukipata jipu ukaandikiwa antibiotiki, hulipi. Lakini usiseme umesamehewa kabla cheti hakijatoka, wanakagua, na faini inafika pauni 100 juu ya bei ya dawa. Kwa sasa lipa na uombe risiti ya FP57 papo hapo, ndiyo ya kudaia pesa baadaye. Ukishaondoka bila risiti hiyo hatuwezi kukutolea tena.

Mngejua ni watu wangapi nawaona wanalipia levothyroxine miaka nenda rudi! Siruhusiwi kuacha kaunta nikawakimbiza barabarani.

Sikukuu: piga 111, simu ya NHS ya ushauri wa afya, au ingia kwenye tovuti yao, sema dawa yangu ya kila siku imekwisha. Wanakuelekeza famasia iliyo wazi, mfamasia anaangalia rekodi, anaweza kukupa za dharura. Hata bila 111, mfamasia anayekujua anaweza kukupa akiridhika. Amlodipine ile Jumamosi ungeipata dada. Uliuliza tu "imefika?", yeye akajibu "haijafika". Ungesema "imekwisha kabisa, mama hana hata kimoja" yangekuwa mazungumzo mengine. Dawa zinazodhibitiwa, zile kali za maumivu na za usingizi, hizo msitegemee njia hii.

Na tukisema haijafika si uvivu. Daktari akishasaini, cheti cha dawa kinapanda kwenye mtandao wa NHS, mimi nakivuta kwenye kompyuta yangu kama famasia yetu ndiyo mliyoichagua. Asiposaini, mimi sina cha kuvuta.

Muulize GP pia kama mama anafaa kuwekewa vyeti vya dawa vya mfululizo, daktari anasaini mara moja hata vya mwaka mzima, nyinyi mnakuja famasia tu. Ila wanampa mtu ambaye hali yake imetulia, na hapa ndipo ninapotaka kukuuliza kitu kwa heshima.

Amlodipine hutoka mwilini polepole, si dawa ya kuondoka kwa siku moja. Mama amekosa hiyo tu siku tatu, losartan anakunywa, na ya 100, halafu presha inafika 178? Inawezekana, watu hawafanani. Lakini hao wateja wangu wazee wenye kusema "tia zote wasije wakazifuta" nawajua. Kabla hujampeleka kwenye mapitio, kaa uhesabu vidonge vyake. Vilivyotolewa, vilivyobaki, siku zilizopita. Usimwambie unahesabu.

---

Kijana wa Kisauni (Cardiff)

Nasoma nikicheka kwa huzuni. Huku Wales hakuna anayelipa dawa tangu 2007, Scotland tangu 2011, Ireland ya Kaskazini tangu 2010. Ni nyinyi wa England tu mnaotoa pochi. Hameni, nyumba bei poa na mvua ni ya bure pia.

Foleni ya simu saa mbili asubuhi lakini tunayo. Hiyo haikutusamehe.

---

MtotoWaPangani (Leicester)

Wapendwa, zimepita wiki tatu. Nimerudi, na nina mengi.

Dada wa Kaunta, ulipoandika "hesabu vidonge" nilikasirika kidogo, niseme kweli. Nikajiambia huyu anamtuhumu mama yangu. Sikuhesabu. Nikampeleka kwenye mapitio hivyo hivyo, damu ilishatolewa wiki iliyotangulia. Yule mfamasia wa kliniki (Baba Zuhura, wanaye kweli, anakuja Jumanne na Alhamisi) akafungua majibu. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, mwaka jana kilikuwa 58, sasa kimepanda 74. Akanigeukia mimi, si mama, akauliza taratibu kama dawa anazinywa. Mimi nikajibu upesi, "Ndiyo, kila siku." Mama anatazama mikono yake.

Tuko ndani ya basi kurudi, hasemi. Mama yangu na kunyamaza ni vitu viwili, kwa hiyo nikajua.

Jioni nikaingia chumbani kwake kutafuta uzi wa kushonea kifungo cha sare yangu. Kwenye kabati, chini ya kanga, ana kopo la bluu la biskuti za siagi, mnalijua, kila nyumba ya Mswahili lipo na ndani hakuna biskuti, kuna sindano na nyuzi. Nikalinyanyua, zito. Nikalifungua.

Metformin vidonge 238. Nilivihesabu juu ya kitanda. Losartan 61, karatasi za 50 na karatasi za 100 zimefungwa pamoja kwa mpira mmoja wa nywele. Na kipande cha bahasha kimeandikwa kwa mwandiko wake, *za Mwanaidi*.

Mwanaidi ni mama mdogo, yuko Pangani. Ana sukari na presha kama dada yake. Mama alikuwa anakunywa metformin ya asubuhi, ya jioni anaitoa kwenye karatasi yake kwa mkasi, kijumba kimoja kimoja, anaweka. Losartan anakunywa siku moja, ya pili anaweka. Anangoja safari ya Desemba. Aliniambia bila kujitetea, kama mtu anayekueleza alivyoweka akiba ya mchango wa harusi: "Hapa naletewa bure, Mwanaidi anakatwa hela. Nikate changu nusu, sote tuwe wazima."

Nilikaa kitandani sina neno. Baadaye usiku ndiyo nikaunganisha. Daktari aliipandisha losartan Februari kwa sababu presha haishuki. Haishuki kwa sababu mama hainywi. Wakaongeza dawa, naye akawa anaweka akiba ya dawa kali zaidi, ili ampelekee mtu ambaye hakuna daktari aliyempima figo zake kwa kiwango hicho. Na mimi ndiye niliyekuwa natia vema.

Asubuhi nilimpigia mfamasia wa kliniki nikamweleza yote. Nilidhani atakuja juu. Akaniambia anashukuru, kwa sababu alikuwa tayari amemwandikia mama dawa ya tatu ya sukari, akaifuta. Ya pili, samahani, usingizi huu. Tunaanza na zile zile, azinywe kama zilivyoandikwa, mwuguzi anampima presha kila wiki mwezi huu isije ikashuka ghafla, damu tena baada ya miezi mitatu. Tarehe ameziunganisha zote, siku 28. Losartan alinitolea vidonge 11 kuziba pengo.

Vile vya kwenye kopo nimeambiwa nivirudishe famasia vikateketezwe. Sijavirudisha. Mama amevikalia.

---

Bi Mkubwa wa Ilford

Mwanangu, usimgombeze mama yako.

Na mimi nimefanya hayo. Si mara moja. Ndugu zetu wako kule, wewe uko hapa unapewa mfuko mzima mlangoni, roho haikubali. Nilibeba dawa za presha nikampa kaka yangu Unguja mwaka ule, akafurahi, akanywa, akaanguka chooni. Dozi yangu na mwili wake havikuwa vimejuana. Alipona, alhamdulillahi, lakini mimi usingizi ulinipotea.

Fanya hivi. Metformin Tanga ipo, si dawa ya kutafutwa kwa tochi. Mpigie simu huyo Mwanaidi, mama yako awe amekaa hapo anasikia, umuulize anatumia nini, daktari wake amemwandikia ngapi, na inamgharimu kiasi gani kwa mwezi. Hiyo ndiyo umtumie, kwa simu, kila mwezi, na mama yako ndiye atume, kidole chake. Asione amenyang'anywa kutoa.

Kisha vile vidonge ataviachia mwenyewe.

---

Baba Zuhura (Reading)

Bi Mkubwa umemaliza.

Mimi niongeze dogo kuhusu safari ya Desemba. Dada, mwambie GP mapema, wiki sita kabla, kwamba mama anasafiri. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya za miezi mitatu, na wengine hutoa pungufu. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake yenye jina, pamoja na ile karatasi ya orodha. Sanduku langu mimi lilikwenda Nairobi na dawa zangu, mimi nikaenda Zanzibar.

---

Dada wa Kaunta (Birmingham)

Nilitamani niwe nimekosea. Pole sana dada, na usijilaumu, hata sisi hatukuona, na kazi yetu ni kuona.

Vilete vikiwa tayari. Hata boksi ambalo halijafunguliwa hatuwezi kumpa mtu mwingine, likishatoka mlangoni kwetu ni la kuteketeza tu, kwa hiyo mama asidhani anaviokoa kwa kuvikalia. Na mwezi ujao karatasi ikija, tieni vema zile zinazohitajika tu. Hakuna anayezifuta kwa sababu hukuagiza mwezi mmoja. Nyingine: kidonge kikija rangi tofauti au umbo tofauti, mwonyeshe boksi, jina ni lile lile, kiwanda ndicho kilichobadilika. Wazee wengi huacha kunywa hapo, wanasema si yangu hii.

Ile FP92A umeipeleka?

---

MtotoWaPangani (Leicester)

Nimeipeleka Jumatatu. Na risiti ya FP57 ninayo kwenye pochi, dada, nimeikunja mara nne kama hirizi.

Bi Mkubwa, tulimpigia mama mdogo Ijumaa baada ya swala. Kumbe metformin anayo, anachokosa ni nauli ya kwenda kliniki Tanga mjini kila mwezi. Mama alimwuliza mara tatu, "Nauli tu? Nauli tu?" Halafu akanidai simu yangu, akavaa miwani, akatuma mwenyewe, nikamshikia kidole kwenye kitufe cha mwisho kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka.

Jana tulikwenda famasia pamoja, kwa mara ya kwanza mfuko mmoja wenye dawa zote nne. Yeye ndiye aliyebeba vile vya kurudisha, kwenye mfuko wa plastiki alioufunga fundo mbili. Mfamasia akavimimina kwenye pipa la bluu mbele yetu. Mama aligeuka akatazama rafu ya sabuni mpaka sauti ilipokwisha.

Presha ya leo asubuhi 142 kwa 84. Kopo alilidai lirudi, limerudi kabatini, na uzi mweusi bado sijaupata.